Ngozi Irudi kwa Mwenyewe

Tulipoachana wiki iliyopita, Bi Asteria alikuwa amesimama katikati ya kijiwe cha bodaboda, jirani na stendi ya Same, akipaza sauti kwamba amemkalia ng'ombe wake.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nitaeleza kwa ufupi. Mimi ni Koleta. Nina shahada ya historia, na kwa kuwa historia haikunipatia ajira, ninatengeneza siti za pikipiki kwa ngozi halisi. Siti iliyonitangaza mjini ni ya Anderson, mwenyekiti wa kijiwe: ngozi ya ng'ombe mwekundu, manyoya yake yameachwa, na mahali pa abiria pana baka jeupe lenye kingo za kupindapinda mithili ya ramani.

Bi Asteria, mjane wa hapa mjini, alipanda pikipiki ile kwenda sokoni. Aliposhuka akageuka, akalitazama baka, akalitambua. Lilikuwa baka la Ramani, mtamba wake, ambaye alikuwa amemwekesha kwa baba yangu kule Mamba, kijijini kwetu milimani. Baba alikuwa amempa habari kwamba Ramani alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

Sasa tuendelee.

Umati wa kijiweni ni mahakama ya aina yake. Hukumu hutangulia, mashtaka hufuata, na ushahidi hauhitajiki kabisa. Kabla sijafika pale kutoka kwenye kibanda changu, nilikuwa nimekwisha kuwa mwizi wa mifugo, na wawili kati ya waliokuwa wakinilaani walikuwa wameikalia kazi ya mikono yangu.

"Profesa!" Anderson aliniita, ameikumbatia siti yake kama mtu anayezuia isikamatwe. "Umenikalisha juu ya marehemu?"

"Kila ngozi uliyowahi kuikalia ilikuwa ya marehemu, Anderson."

"Lakini huyu ana mwenyewe!"

"Shikamoo, mama," nilimwambia Bi Asteria.

"Marahaba, mwanangu. Sikugombezi wewe. Baba yako alinipigia simu nikiwa Dar es Salaam kwa binti yangu, akaniambia Ramani amekufa. Nikasema sawa, ng'ombe hufa. Mwezi huu nimerudi, nimemwomba ngozi yangu. Akaniambia imeibwa stoo." Alikigusa kiti cha pikipiki kwa ncha ya kidole. "Imeibwa, kisha ikaja kushonwa na binti yake. Wewe msomi, nieleze. Mimi niliishia darasa la saba."

Sikuwa na maelezo. Jambo hilo liliwafurahisha sana vijana wa kijiweni. Hakuna kinachowafurahisha kama msomi aliyekosa neno.

Lazima niseme kwa nini ngozi ile ilikuwa jambo kubwa. Kwetu Mamba, mtu asiye na majani humwekesha ng'ombe wake kwa jirani. Jirani humlisha, naye hunywa maziwa. Ng'ombe akifa, wazee wa kwetu wana sharti moja tu: ngozi irudi kwa mwenyewe, nzima, kuanzia masikio hadi mkia, wao waitandaze uani na kuitazama. Asiyeirudisha huhesabiwa kuwa ameuza. Hawekeshwi tena hata mbuzi, na neno lake halisikilizwi tena kikaoni.

Baba yangu, Mzee Elirehema, ni mzee wa kanisa na msuluhishi wa ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ukimwondolea neno lake, unabaki na kofia na fimbo.

"Jumamosi wazee wanakaa nyumbani kwenu," alisema Bi Asteria. "Mwambie baba yako asiponionyesha ngozi, nitajua alichokifanya."

Aliondoka kwa miguu. Alikataa kabisa kupanda tena.

Nilimtafuta mdogo wangu Wilbard, nikamkuta sokoni, amelala juu ya magunia ya tangawizi yaliyoshushwa kutoka milimani. Wilbard ni mmoja wa watu wachache ninaowajua wanaoweza kusinzia kwenye mteremko.

"Wilbard, ile ngozi uliyoniletea, ulisema umeitoa wapi?"

"Machinjioni."

"Machinjio yapi?"

"Ya ng'ombe."

"Nakuuliza mahali, sikuulizi mnyama!"

Alikaa. Alijikuna kidevu. Alitazama huku na huku, kana kwamba jibu lingeweza kupita na mkokoteni.

"Dada, usipige kelele. Ilikuwa stoo kwa baba. Ilikuwa imekunjwa chini ya magunia, imekaukia huko huko, haina faida kwa mtu yeyote. Na wewe si ulikuwa unalalamika kila siku huna ngozi? Nikasema niipatie kazi."

"Ukaniambia ni ya machinjioni."

"Ningekwambia nimeiiba kwa baba ungeipokea?"

"Nisingeipokea."

"Unaona? Nilitumia akili."

Alisema hivyo huku akiurekebisha mkanda kiunoni, mkanda ambao nilimshonea mwenyewe kama shukrani, kutoka kwenye ngozi hiyo hiyo. Nilimtazama ndugu yangu nikakumbuka miaka yote niliyotumia chuoni kujifunza jinsi dola kubwa zilivyoanguka. Nilipoteza muda. Dola huanguka kwa sababu mahali fulani yuko Wilbard, na amepewa ufunguo wa stoo.

Hata hivyo, moyo wangu ulipata nafuu. Basi baba hakudanganya. Ngozi iliibwa kweli, na mwizi alikuwa mwanawe, na mpokeaji wa mali ya wizi alikuwa binti yake. Sisi ndio tuliomfanya aonekane mwongo. Sisi ndio tungemsafisha.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo, baba. Ngozi ya Ramani imepatikana."

Nilisikia kuku wake wakiparura.

"Imepatikana wapi?"

"Ninayo mimi. Nimeikata, lakini vipande vyote navijua vilipo. Nitavikusanya, nitaviunga, nitaileta Jumamosi."

"Koleta, mwanangu," alisema, polepole sana. "Iache. Nitajitetea mwenyewe."

"Ngozi ndiyo itakayokutetea, baba."

"Nimesema iache."

Nilikata simu nikiwa na machozi ya heshima. Nilijisemea: tazama mzee huyu, yuko tayari kupoteza jina lake ili Wilbard asiaibike. Nikaapa kwamba sitamruhusu.

Kukusanya ng'ombe aliyetawanyika juu ya makalio ya mji mzima si kazi ya kumshauri mtu. Siti ya pili ilikuwa kwa dereva mmoja ambaye alinitaka kwanza nikiri mbele ya wenzake kwamba ngozi hutoa manyoya kwenye suruali za abiria. Nilikiri. Makubazi yalikuwa kwa mwalimu ambaye aliyavua palepale na kuondoka peku, akinitazama kama daktari aliyempa habari mbaya. Wilbard alivua mkanda wake akiwa ameshikilia suruali kwa mkono wa pili, na akaendelea kuishikilia kwa muda wote wa kisa hiki.

Anderson ndiye aliyekuwa mgumu.

"Siti haitoki bila mimi," alisema. "Popote inapokwenda, nakwenda. Nyie wasomi mna mambo. Leo mtasema kikao, kesho nitasikia imepelekwa makumbusho."

"Basi njoo nayo."

"Nitakuja nayo, na wewe utapanda."

Ndivyo nilivyopanda mlima kwenda Mamba Jumamosi asubuhi: juu ya pikipiki isiyo na siti, nimekalia gunia lililokunjwa juu ya vyuma, na ng'ombe amefungwa mgongoni mwangu katika shuka. Kila kona ya barabara ile ilinifundisha jambo kuhusu thamani ya kazi yangu. Anderson aliimba njia nzima. Wilbard alikuja nyuma na gari la tangawizi, akishikilia suruali.

Nilikuwa nimevitandaza vipande vyote kibandani kabla ya kuondoka. Nilivifumua mishono, nikaondoa sponji na pini, nikavipanga sakafuni jinsi vilivyokuwa siku ya kwanza: ubavu na ubavu, paja na paja, mkia. Kisha nikaviunga kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi, na uzi uliopakwa nta. Ramani alirudi. Alikuwa na makovu mengi, lakini alikuwa yeye.

Palikosekana shingo tu, na kwa hilo sikuhangaika hata kidogo. Nilijua ilipo.

Ngozi ya shingo ni nene na haikubali kuvutwa, kwa hiyo haifai siti. Niliitoa manyoya kwa chokaa, nikailainisha kwa maji ya gome la mti wa mwati, nikatengeneza jalada la Biblia. Aliyeniagiza jalada hilo mwanzoni mwa mwezi, akalipokea kwa furaha na kulisifia kanisani, alikuwa Bi Asteria mwenyewe. Mlalamikaji alikuwa akitembea na ushahidi kwapani.

Nakiri kwamba jambo hilo lilinipa raha isiyo ya Kikristo. Niliona tayari jinsi itakavyokuwa. Wazee wangeuliza, "Shingo iko wapi?" Mimi ningemgeukia yule mama aliyenidhalilisha mbele ya wahuni, nikamwomba kwa upole aiweke Biblia yake pale palipo na pengo. Ng'ombe angekamilika. Baba angesafishika. Nami ningekunja mikono.

Uani nyumbani kwetu palikuwa pamejaa. Watu walikuja kutoka mashambani na majembe yao, wakisema wanapita tu. Wanaopita tu walikuwa wamebeba na viti.

Mwenyekiti wa wazee ni Mzee Nathanaeli, mtu mkavu, ambaye huuliza maswali kwa macho yaliyofumbwa. Bi Asteria alikaa kulia kwake, Biblia mapajani. Baba alikaa kushoto, kofia magotini. Nilimsalimia. Aliitikia bila kuniangalia.

"Nilikwambia uiache," alisema kwa sauti ya chini.

"Utanishukuru, baba."

Nilitandaza ngozi. Watu walisogea. Baka jeupe liliposhika jua, Bi Asteria alishika mdomo.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe."

"Na siti yangu ndiyo hiyo," alisema Anderson, "jamani msiikanyage."

"Wewe ni nani?" aliuliza Mzee Nathanaeli, macho yamefumbwa.

"Mimi ni mmiliki wa ubavu, mzee."

Uwanja ulicheka. Hata baba alitikisika mabega, au hivyo nilivyodhani. Nilisimama, nikaeleza yote kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kueleza: asili ya ngozi, namna ilivyotoka stoo, mkono ulioitoa. Wilbard aliitwa, akasimama, akakiri kwa kichwa kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Kwa hiyo Elirehema alisema kweli kuhusu wizi," alisema mzee mmoja.

"Alisema kweli," nilijibu. Nilimtazama Bi Asteria. Sikuificha dharau yangu. "Wapo waliomhukumu kabla ya kuuliza. Labda leo watajifunza."

Bi Asteria aliinamisha kichwa. Nilijisikia mrefu.

Mzee Nathanaeli alifumbua macho. Alipiga magoti kwenye ngozi, akaipapasa mgongo, akapapasa tumbo, akafika mwisho wa mabega. Mkono wake ukagusa udongo mtupu.

"Shingo iko wapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea tangu Same.

"Ipo hapa hapa kikaoni, mzee," nilisema, kwa sauti iliyowafikia wote. "Nitawaonyesha muda si mrefu."

"Vyema," alisema. "Maana hiyo ndiyo tuliyoijia. Nyinyi vijana mnadhani tunaomba ngozi ili tuone rangi. Rangi kila mtu anaijua. Tunatafuta shingo. Ng'ombe akifa kwa ndigana, hakuna anayemchinja. Mchunaji humpasua mara moja tu, wima, kuanzia kidevu kwenda kifuani. Basi. Lakini aliyechinjwa ana alama ya kisu iliyokatiza koo. Ukiitandaza ngozi yake, ule mpasuko wa wima huigawa alama hiyo, utaona mipasuko miwili, mmoja unaingia kutoka kulia, mmoja kutoka kushoto. Hiyo haifichiki. Hata aliyeshona kwa ustadi, mshono utaonekana."

Nilikuwa ningali nimesimama. Sijui nilikuwa nimesimamia nini.

Kwa sababu nilikuwa nimeshona.

Ngozi ile ilikuja kwangu na mipasuko miwili shingoni, mmoja kulia, mmoja kushoto. Sikuishangaa. Niliambiwa imetoka machinjioni; ya machinjioni yote huja hivyo. Niliishona kwa uzi mweupe, mshono wa kupishana, mmoja mbele ya jalada na mmoja nyuma. Bi Asteria alidhani ni urembo. Aliniambia, "Mwanangu, una mikono ya baraka."

Ramani hakufa kwa ndigana. Ramani alichinjwa.

Nilimtazama baba. Kwa mara ya kwanza siku ile, naye alikuwa akinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwambia usifungue mlango, ukafungua.

Ndipo nikakumbuka sherehe ya mahafali yangu.

Ilifanyika uani hapa hapa, Desemba ile ile Bi Asteria alipopigiwa simu. Baba alisema nyama ameinunua bucha ya mjini. Sote tulikubali. Lakini tulikunywa supu ya kongoro. Tulikula utumbo. Wajomba walitaniana juu ya nani apewe ulimi. Bucha gani humuuzia mtu ng'ombe mzima, pamoja na kichwa chake na kwato zake? Mwenye shahada hakujiuliza. Mwenye shahada alikuwa amesimama na joho lake, akitafuna huku akihutubia ukoo juu ya umuhimu wa kuchunguza ushahidi.

Nimewadharau watu wengi katika visa hivi vya kila wiki, msomaji wangu. Naomba unisamehe kwamba nilimsahau mmoja.

"Koleta," alisema Mzee Nathanaeli. "Tunangoja shingo."

"Hakuna haja ya shingo!"

Alikuwa baba. Alisimama ghafla hata kofia ikaanguka.

"Watoto wangu wamenidhalilisha vya kutosha," alisema. "Mmoja ameiba, mwingine amekatakata, sasa nisubiri vipande? Mimi ni mzee wa kanisa. Nitaapa. Nileteeni Biblia, niape mbele yenu kwamba ng'ombe huyu alikufa mwenyewe, na tumalize."

"Hapa hatuapishani, Elirehema," alisema Mzee Nathanaeli.

"Mwacheni aape," alisema Bi Asteria. Sauti yake ilikuwa imelainika. Maneno yangu ya dharau yalikuwa yamemwingia. "Akiapa, mimi nitamwamini. Nitamwomba na radhi mbele ya watu wote. Haya, shemeji, shika yangu."

Akainyanyua Biblia kutoka mapajani, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Nilipiga hatua moja mbele, nikachelewa.

Baba hakujua. Hakuwa amewahi kuliona jalada lile kwa karibu. Aliipokea Biblia kwa mkono wa kushoto, akaweka kiganja cha kulia juu yake, na kidole gumba chake, kwa mazoea ya mtu aliyeshika ngozi za mifugo maisha yake yote, kikaanza kuupapasa mshono wangu mweupe. Kilikwenda hadi mwisho. Kikarudi. Kisha kikasimama.

Baba alitazama chini. Aliigeuza Biblia. Aliuona mshono wa pili.

"Elirehema?" aliita Mzee Nathanaeli. "Mbona huapi?"

Baba aliinua macho yake kwangu mimi, Biblia ingali mikononi mwake.

"Wewe ulisema shingo iko hapa," alisema. "Waambie iko wapi. Si wewe ndiye msomi wetu?"